Mama Stesheni Anajibu: Kabla ya Kuona Mkia wa Treni

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwenye vituo vya Reli ya Kati, na moyo wangu umefurahi, maana huko ndiko nilikokulia kikazi. Kwa mliojiunga nasi karibuni: nilitoka Chuo cha Reli Tabora mwaka 1984 na nikawa stesheni masta kwa miaka 31. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo niliimaliza kwenye stesheni ndogo zilizo kati ya Manyoni na Tabora, zile ambazo abiria wa mjini huamka, huchungulia dirishani, huuliza "hapa wapi?", kisha hulala tena. Leteni maswali. Ninalolijua nitalisema.

*Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Tura. Treni ya abiria ikifika kwetu huweza kukaa hata dakika arobaini. Anashuka mtu mmoja au wawili, wa kupanda hakuna. Dereva anashuka kunyoosha miguu, abiria wanalalamika, na stesheni masta amejifungia ndani na simu. Kwa nini asiiruhusu iende? — Msomaji, Tura*

Marahaba mwanangu. Huyo aliyejifungia ndani na simu ndiye anayekulinda wewe na wale wanaolalamika.

Reli yetu ya zamani ni njia moja. Wajerumani walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,250, na kwenye mapori hayo ya kwenu ni jozi moja ya vyuma inayotumiwa na treni ziendazo na zirudizo. Treni mbili zinazotazamana hazina pa kupishana isipokuwa stesheni, penye njia ya pembeni. Ndiyo maana kuna stesheni hata mahali ambapo ukisimama unaona kichaka tu pande zote. Enzi za injini za mvuke kulikuwa na sababu nyingine, maji, lakini hata mvuke ulipokwisha, sababu ya kupishana haikwisha.

Sasa sikiliza utaratibu. Mimi nikiwa na treni hapa kwangu, siwezi kuiachia iende kwa jirani mpaka jirani aikubali. Nampigia, namtajia namba ya treni. Naye hawezi kuikubali mpaka ile iliyotangulia imefika kwake nzima. Akishakubali, naandika saa kwenye daftari, naandika kibali, nakala moja inabaki kitabuni, nyingine nampa dereva mkononi. Bila karatasi ile dereva hagusi mashine, hata kama anaona njia nyeupe mpaka upeo wa macho.

Nimesema "nzima", na neno hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Treni inaweza kukatika. Kiungo kikiachia, kichwa kinafika na mabehewa kumi na nane huku mawili yamebaki porini gizani, yamesimama katikati ya njia. Kwa hiyo behewa la mwisho huwekewa alama, na usiku taa nyekundu. Sisi tunaita mkia. Stesheni masta akishaona mkia ndipo anajua treni imefika yote. Asipouona, njia ile kwake bado ina mtu.

Usiku mmoja wa Machi, mvua imeshika tangu magharibi, iliingia treni ya mizigo. Nilisimama nje na koti la mvua, bendera kwapani, taa mkononi. Mabehewa yakapita moja moja, nikasubiri ule wekundu. Haukuja. Lilipita behewa, kisha giza na sauti ya mvua. Nyuma yake, kwa jirani yangu, treni ya abiria ilikuwa inasubiri njia. Jirani akapiga: "Mama, nipe njia, abiria wamechoka." Nikamwambia sina mkia. Akapiga tena. Kontroo, wale wanaoongoza treni za njia nzima, wakapiga, wakasema ratiba imevurugika. Nikawaambia neno lile lile. Mtu wangu wa pointi, yule anayegeuza vyuma treni ibadili njia, mzee wa Kikimbu aliyekuwa na goti bovu, alichukua tochi akatembea kandokando ya mabehewa yote kwenye matope mpaka mwisho, akasoma namba ya behewa la nyuma kabisa, akarudi kunitajia. Nikalinganisha na orodha ya gadi, yaani msimamizi wa treni. Ilikuwa nzima. Taa ilikuwa imezimwa na maji tu.

Dakika hamsini zilipotea. Treni ya abiria ilipofika, mama mmoja mwenye mtoto mwenye homa alinisema vikali dirishani, na alikuwa na haki ya kuumia. Lakini hata leo, mvua ile ikinyesha tena, nisipouona mkia sitatoa njia.

Kwa hiyo ukiona treni imekaa hapo Tura, uliza tu kwa heshima inasubiri nini. Mara nyingi utajibiwa kwamba kuna nyingine inakuja kupishana nayo. Na kuchelewa kwingine hakutoki hata kwenu. Njia kati ya Kilosa na Gulwe inafuata bonde la mto Mkondoa, na mto ule ukifura hubeba tuta zima. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikata njia pale, na sisi wa juu, mamia ya kilomita mbali, tukakaa na majukwaa matupu. Duka la stesheni likaishiwa sukari.

*Mama, nakusalimu. Mama yangu mzazi hapandi treni tangu ajali ya Igandu. Tuna msiba Tabora, nauli ya basi kwa watu saba ni kubwa. Nimwambie nini? — Msomaji, Dodoma*

Poleni sana kwa msiba, mwanangu. Usimwambie mama kwamba anaogopa bure. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kwenye mwinuko, ikaanza kurudi nyuma, ikateremka mpaka ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Sisi tulioko kwenye reli wakati ule hatuhitaji kukumbushwa tarehe.

Mimi baada ya siku ile nilibadilika. Zamani gadi akiniambia "breki tayari" nilikuwa naitikia. Baada ya Igandu nikawa naenda mwenyewe mpaka nyuma, namwangalia akikagua breki za behewa la mwisho, maana breki za treni ni za upepo unaopita kwenye bomba kutoka mbele hadi nyuma, na ukitaka kujua kama upepo umefika, ni lazima uende mwishoni. Wengine waliona nawachelewesha.

Mwambie mama hivyo: kuna watu wanaokwenda mpaka mwishoni. Akikubali, mkatie nafasi behewa la kulala, chini, karibu na mlango, na umkalie karibu mnapopanda ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Kintinku, maana pale treni hunguruma kwa nguvu na mwendo hupungua, na asiyejua hudhani kuna tatizo. Ni mlima tu. Asipokubali, pandeni basi, na watakaoweza watangulie kwa treni. Msimlazimishe.

*Habari yako Mama. Babu yangu alikuwa akisema kwamba zamani ungeweza kupanda gari la moshi hapa Taveta ukafika Moshi bila kushuka. Vijana wa hapa wanasema ni hadithi. Nani mkweli? — Msomaji, Taveta*

Babu ni mkweli. Njia ile ni mtoto wa vita. Mwaka 1915 Waingereza walianza kuijenga kutoka Voi kuelekea Taveta ili kupeleka askari na mizigo dhidi ya Wajerumani waliokuwa upande wa Kilimanjaro. Mwaka uliofuata ikaunganishwa na reli ya Tanga na Moshi pale Kahe. Upana wa njia ulikuwa ule ule, mita moja, kwa hiyo behewa la Mombasa liliweza kupita Mwatate, Bura, Maktau na Taveta likaingia Moshi. Wapeleke vijana Maktau wakaone makaburi ya wanajeshi wa Kihindi waliokufa kwenye vita vile. Mwaka 1977 shirika letu la pamoja la Afrika Mashariki lilivunjika na mpaka ukafungwa. Mimi nilianza kazi miaka saba baadaye, na nilifundishwa na wazee waliofanya kazi Kenya, Uganda na hapa kwetu wakihamishwa kama walimu. Walikuwa wakizitaja stesheni za Voi na Tororo kama mtu anavyotaja mitaa ya kwao.

*Mama, kwa nini treni ya TAZARA isipite kwenye Reli ya Kati wakati zote zipo Tanzania? — Msomaji, Ifakara*

Upana, ndugu yangu. Yetu ni milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ni 1,067, kwa sababu ilijengwa ili iungane na reli za Zambia na nchi za kusini. Tofauti yake haizidi vidole vinne vya mkono wako, na inatosha kuzuia treni nzima. Mzigo ukitoka huku kwenda kule huhamishwa, na Kidatu ndipo reli hizo mbili zinapokutana. Ile mpya ya umeme ni 1,435, nayo ina dunia yake.

*Shikamoo Mama yetu. Mimi nauza kuku wa kuchoma, mayai na asali stesheni ya Itigi, na mama yangu aliuza hapo hapo. Nimesomesha watoto watatu kwa beseni hili. Sasa reli mpya inajengwa kuja Tabora. Ndugu yangu wa Dodoma amepanda ile treni ya umeme, anasema madirisha hayafunguki, na haikai. Sisi wa mabeseni tutakula wapi? — Mfanyabiashara, Itigi*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nimeiweka chini ya kitambaa cha meza ili niirudie.

Ndugu yako amesema kweli. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huo huo, nami nimeipanda. Ni nzuri. Mgonjwa anayewahi hospitali Dar ataishukuru, na mimi siwezi kumsema vibaya mtu anayetaka kufika mapema. Lakini nilikaa dirishani nikaona stesheni zinapita, na hakuna mkono ulionyooshwa kutoka nje wala ndani. Nilikuwa na njaa ya yai la kuchemsha.

Mimi nakujua, hata kama hatujaonana. Nimesimama na wanawake kama wewe usiku kucha. Najua mnasikia treni kabla yangu mimi mwenye simu. Najua mnapanga beseni: kuku juu, chumvi na pilipili kwenye kikaratasi kilichosokotwa, chenji tayari ndani ya fundo la khanga. Najua behewa la daraja la tatu linasimama wapi na nani ana haki ya kusimama hapo. Na nimeona mara nyingi mama anakimbia na treni iliyoanza kuondoka kwa sababu abiria bado ameshika noti, na abiria, bila kulazimishwa na mtu, anaitupa noti ile ikaanguka kwenye kokoto. Ni wachache mno walioondoka na deni. Wengine walilipa safari ya kurudi.

Mipango ya reli ikiandikwa, biashara hiyo huwa haimo, kwa sababu hainunuliwi kwa tiketi. Lakini kwenye stesheni ndogo ndiyo iliyokuwa soko, benki na kituo cha habari. Tulipoishiwa dawa ya malaria, ni mama wa karanga aliyemwomba abiria wa Kigoma atununulie Tabora, na ikaletwa na treni iliyofuata.

Basi nikushauri ninavyoweza. Kwanza, usilivunje banda lako. Reli ya zamani haijang'olewa, na treni zenye madirisha yanayofunguka bado zinapita. Pili, jiungeni. Mmoja mmoja mtafukuzwa na mlinzi, lakini kikundi chenye jina, mwenyekiti na barua kinaweza kukaa na halmashauri na wenye reli mkaomba nafasi ya kuuzia ndani ya eneo la stesheni mpya, kabla ukuta haujajengwa. Ukishajengwa ni vigumu kuutobolea mlango. Ombeni sasa. Tatu, tenganisha bidhaa. Kuku wa moto anataka dirisha lililo wazi, hilo hatuna namna. Asali haitaki. Asali ya vichaka vya Itigi mtu anaitafuta Dar, na chupa iliyofungwa vizuri, yenye jina la kikundi na namba ya simu, haihitaji treni isimame dakika thelathini. Anza na chupa chache kwa ndugu yako wa Dodoma.

Na wanaopanga ratiba, kama mnanisoma: kabla ya kuamua treni ikae dakika mbili, tumeni mtu akae Itigi au Saranda usiku mmoja, aone.

Kuna jambo lingine ambalo barua yako imenikumbusha. Katika stesheni mojawapo niliyofanya kazi jukwaa lilikuwa fupi. Mabehewa ya mbele yalisimama vizuri, ya daraja la tatu yalibaki nje, kwenye kokoto. Kutoka kokoto hadi ngazi ya kwanza ni juu, kwa bibi mzee ni kama kifuani. Niliandika barua kuomba jukwaa lirefushwe. Nikaandika ya pili, na ya tatu, nakala zake ninazo. Siku moja bibi mmoja mwenye mzigo wa mihogo akateleza, akaumia nyonga. Alipelekwa hospitali Itigi kwa gari la mizigo. Sikuandika barua ya nne. Nilimwita seremala wa kijijini akatengeneza sanduku la mbao ngumu, lenye vipandio viwili na kamba ya kulibebea, na waliolibeba kutoka mlango hadi mlango walikuwa wauza mayai. Hawakulipwa hata shilingi. Kila treni, sanduku lile linakimbizwa gizani, "Bibi kanyaga hapa, bibi shika bega langu." Miaka kumi na moja. Ndiyo maana mtu akiniambia wafanyabiashara wa stesheni ni usumbufu, nashindwa kunyamaza.

*Mama, nataka kumtumia shangazi yangu Kaliua gunia la mchele kutoka Morogoro. Inawezekana? — Msomaji, Morogoro*

Inawezekana, lakini nenda dirisha la vifurushi mapema, si saa ya treni kuondoka. Andika jina la mpokeaji na stesheni kwa wino usiofutika, juu ya gunia na pia kwenye karatasi ndani ya gunia, maana kile cha nje huchanika. Mpigie shangazi umpe namba ya risiti. Mwambie aende stesheni mwenyewe. Mzigo uliolala stesheni siku mbili hupata panya.

*Shikamoo Bibi. Mimi nasoma darasa la nne Malongwe. Treni ikipita mimi na rafiki zangu tunapunga mikono. Je, dereva anatuona? Na vile vijiwe vya namba pembeni ya reli ni vya nini? — Mwanafunzi, Malongwe*

Marahaba mjukuu wangu. Anawaona. Madereva wengi niliowafahamu walijua watoto wa kila stesheni, na walijua hata mmoja akiwa hayupo. Akipiga honi mara moja fupi akiwa amewapita, hiyo ni yenu.

Namba zile zinahesabu kilomita kutoka Dar es Salaam. Siku moja mwende na mwalimu mkaisome ya kwenu, mtajua mpo mbali kiasi gani na bahari. Kijiwe kile kinamsaidia sana mtu wa reli. Kukiwa na ng'ombe amelala njiani au chuma kimepasuka, hasemi "kule kwenye mbuyu", anasema namba.

Lakini mnaposimama, hesabuni hatua kumi kubwa za mtu mzima kutoka kwenye reli, hapo ndipo mpunge. Msiweke jiwe wala msumari juu ya chuma. Na dereva akishapita, msikimbilie nyumbani. Subirini mabehewa yote yapite mpaka la mwisho, mtafute alama yake, na kama ni usiku, taa nyekundu. Mkikuta haipo, kimbieni kwa stesheni masta mkamwambie.